Mkwe mtarajiwa anatoka Ulaya: mwandaeni kwa ukweli kabla hajafika mlangoni pa nchi

Wazazi wenzangu, swali la wiki hii limetoka Kamanga, ng'ambo ya jiji la Mwanza, upande wa Sengerema. Mama mmoja anaeleza kwamba binti yake anayefanya kazi Dar es Salaam amepata mchumba, Mjerumani. Kijana huyo ameomba likizo ya wiki tatu aje awasalimu wazazi, aone ziwa, kisha wapitie Serengeti. Barua ya uchumba bado haijaletwa. Anakuja kuonekana na kuona.

Sasa jirani mmoja anayesifika kwa kujua mambo ya safari ameshauri kijana afundishwe maneno. Akifika uwanja wa ndege aseme yeye ni mtalii wa Serengeti, basi. Asimtaje binti, asitaje Kamanga, kwa sababu eti uhamiaji wakisikia neno mchumba watamrudisha kwa ndege ileile. Baba wa binti hataki kusikia mambo ya kudanganya serikali. Binti anaogopa mchumba wake asije akaaibishwa. Mama anauliza: tumfundishe nini?

Jibu langu ni kwamba kijana hahitaji kufundishwa uongo, anahitaji kuandaliwa. Kumwandaa ni kumsaidia aujue ukweli wake mwenyewe vizuri, awe na karatasi zinazouunga mkono, na ajue sheria za nchi anayoingia. Uongo wa jirani utamtia katika shida ambayo hakuwa nayo.

Kumtembelea mchumba si kosa

Tuanze na hofu yenyewe. Viza ambayo wageni wengi huingia nayo Tanzania inaitwa viza ya kawaida. Hutolewa kwa ajili ya utalii, matembezi na likizo. Mtu anayekuja kumtembelea mchumba wake na familia yake, kisha akapanda gari kwenda mbugani, yumo ndani ya matumizi ya viza hiyo. Hana la kuficha.

Sasa fikirini kijana akifuata ushauri wa jirani. Afisa anamuuliza: unakwenda Serengeti na kampuni gani? Utalala wapi usiku wa kwanza? Mbona tiketi yako ya pili ni ya Mwanza? Nani anakupokea? Kijana hana kampuni, hana hoteli ya siku zote ishirini na moja, na nje ya mlango kuna binti amesimama na simu mkononi. Afisa aliyeuliza kwa desturi tu sasa anauliza kwa mashaka. Njia ya mwongo ni fupi, na uwanja wa ndege huwa fupi zaidi.

Jibu la kweli linatosha kwa pumzi moja: nimekuja kumtembelea mchumba wangu na wazazi wake Mwanza, tutakwenda pia Serengeti, nakaa siku 20, tiketi yangu ya kurudi hii hapa. Likisemwa kwa utulivu, jibu hilo linajibu maswali manne kwa pamoja. Akiulizwa zaidi, ajibu alichoulizwa, asimimine hadithi nzima ya mapenzi.

Viza: aombe mwenyewe, aombe mapema

Tangu Novemba 2018 Idara ya Uhamiaji inatoa viza kwa njia ya mtandao. Tovuti rasmi ni visa.immigration.go.tz. Mwambieni kijana aangalie herufi hizo moja moja, hasa ule mwisho wa go.tz, kwa sababu zipo tovuti nyingi za mawakala zinazofanana na ya serikali lakini zinatoza pesa ya juu.

Kwa raia wa nchi nyingi, Ujerumani ikiwemo, ada ya viza ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50 za Marekani, na mwisho wa kukaa ni siku 90. Raia wa Marekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi. Raia wa baadhi ya nchi, kama Somalia na Afghanistan, huhitaji kwanza idhini ya makao makuu ya uhamiaji. Kama mchumba wa mwanao anatoka katika nchi za kundi hilo, anzeni miezi kabla, na asikate tiketi kabla ya kibali.

Viza pia hutolewa mgeni anapofika katika viwanja vikubwa vya ndege, lakini kuomba mapema kunamwondolea foleni na wasiwasi. Aombe wiki kadhaa kabla ya safari. Pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai mbele yake na ukurasa mtupu wa kugongwa muhuri. Jina kwenye fomu liwe sawasawa na la kwenye pasipoti, hata lile jina la katikati asilolitumia kamwe.

Jambo moja wengi hawalijui: kuna viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki ya dola 100, iliyoanza mwaka 2014. Hiyo ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Kijana akishuka Nairobi nayo, kisha akapanda basi la kuja Mwanza kupitia Sirari, mpakani atahitaji viza ya Tanzania kama mgeni mwingine. Vivyo hivyo akitokea Kampala kupitia Mutukula.

Njia anayopitia inabadilisha cheti anachohitaji

Hapa ndipo wengi hukwama. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hakidaiwi kwa kila mgeni. Hudaiwa kwa anayetoka katika nchi yenye ugonjwa huo, au aliyesubiri ndege katika nchi hiyo kwa zaidi ya saa 12. Ujerumani haimo katika nchi hizo, lakini Kenya, Uganda na Ethiopia zimo.

Kwa hiyo kijana akipanda ndege ya kupitia Addis Ababa, akabadilisha ndani ya saa chache, hana tatizo. Akiamua kulala huko usiku mmoja na siku nzima ili aione Addis, cheti kitadaiwa Dar es Salaam. Akipitia Nairobi, akatoka kutembea siku tatu, kitadaiwa pia. Chanjo inahesabika kuwa imeanza kazi siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha. Achomwe mapema kama ana shaka na njia yake. Na kama anapanga kuteremkia Zanzibar, ajue kwamba tangu Oktoba 1, 2024 mgeni anayeingia huko hulipia bima ya lazima ya dola 44.

Anwani ya Kamanga iandikwe vizuri

Fomu ya viza huuliza mgeni atafikia wapi na mwenyeji wake ni nani. Hapa wazazi mna kazi. Msimwachie kijana aandike Kamanga peke yake. Sisi wenyeji tunajua kwamba mtu akisema Kamanga mjini Mwanza, dereva anaweza kumpeleka kwenye gati ya kivuko, na bado hajavuka. Mwandikieni kwa ukamilifu: jina la mwenye nyumba, kijiji, kata, Wilaya ya Sengerema, Mkoa wa Mwanza, na namba mbili za simu zinazopatikana.

Pia andikeni barua fupi ya mwaliko. Haihitaji mwanasheria. Semeni nyinyi ni nani, mgeni ni nani, atakaa tangu lini hadi lini, na atalala wapi. Mwenye nyumba atie sahihi na kuambatisha nakala ya kitambulisho chake cha taifa. Kijana aichapishe, aiweke pamoja na viza, tiketi ya kurudi na bima yake ya safari. Vyote viwe kwenye karatasi, maana simu huisha chaji pale unapoihitaji zaidi.

Hapo kwenye kulala, semeni ukweli wa nyumba yenu. Wazazi wengi wa kwetu hawako tayari mchumba asiye na barua alale nyumba moja na binti. Hilo si la kuonea aibu. Mwambieni mapema, apange chumba katika hoteli au nyumba ya wageni mjini, na anwani ya huko ndiyo iandikwe kwenye fomu. Mchana atavuka aje kwenu, jioni atarudi. Mgeni akijua utaratibu kabla hajafika hatashangaa, na binti hatalazimika kumweleza kwa haya mbele ya mzigo.

Siku anayofika, simu za wenyeji ziwe hewani. Afisa anaweza kupiga kuthibitisha. Mkipigiwa, semeni mnachokijua. Msiache namba iliyoandikwa ikawa ya kaka aliye ziwani kwenye dagaa.

Maswali ya afisa ni maswali ya mzazi

Afisa wa uhamiaji atamuuliza kijana unatoka wapi, unafanya kazi gani, unamjuaje mwenyeji wako, unakaa siku ngapi, una fedha za kutosha, unarudi lini. Wazazi, tazameni orodha hiyo vizuri. Je, nyinyi mmeshamuuliza hayo?

Wapo wazazi wanaojua rangi ya gari la mkwe mtarajiwa lakini hawajui kama alishawahi kuoa. Si utovu wa adabu kumuuliza binti: mwenzio anafanya kazi gani hasa, ana watoto, ndoa ya kwanza ilivunjwa kisheria au wametengana tu? Mwiteni kwa simu ya video, babu au shangazi awepo, aulizwe kwa heshima. Kijana mwenye nia njema atajibu. Na mtu aliyekwisha kuulizwa na baba mkwe hatishwi na dirisha la uhamiaji.

Mkumbusheni pia kwamba viza peke yake haimfungulii mlango. Neno la mwisho ni la afisa pale dirishani. Akiambiwa asubiri, asubiri. Akiulizwa swali ambalo kwao lingeonekana la kuingilia faragha, asikasirike. Na akiruhusiwa kupita, asiondoke dirishani kabla ya kusoma muhuri: tarehe ya kuingia na siku alizopewa. Siku hizo ndizo za kuhesabu. Kuzidisha hata siku chache ni kosa la uhamiaji, na likitokea jambo la dharura mwenyeji amsindikize ofisi ya uhamiaji Mwanza kabla muda haujaisha.

Malipo yoyote ya serikali yana risiti na namba ya malipo. Mtu akitaka pesa ya pembeni, kijana aombe risiti kwa upole. Namba ya TAKUKURU ya bure ni 113.

Vya kuacha nyumbani kwao

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Zawadi za wakwe ziletwe kwenye mfuko wa kitambaa. Ndege ndogo ya kupiga picha isiyo na rubani inataka kibali; kama hana, iache.

La tatu ni zito. Ujerumani iliruhusu watu wazima kumiliki kiasi kidogo cha bhangi tangu Aprili 1, 2024. Kijana wa huko anaweza kuiona kama sigara tu. Hapa kwetu ni jinai, chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, hata kama ni kidogo, hata kama ni peremende au mafuta yaliyotengenezwa kwayo. Binti amwambie waziwazi apekue begi lake, pamoja na mfuko wa koti alilolivaa kwenye tamasha mwaka jana. Dawa zake halali za hospitali azibebe kwenye pakiti zake, na barua ya daktari.

Asifanye kazi, hata ya kujitolea

Wageni wengi wana moyo mwema. Akifika kijijini akaona shule haina mwalimu wa Kiingereza, atataka kufundisha wiki mbili. Akiwa fundi umeme, atataka kufunga sola zahanati. Viza ya matembezi haimruhusu kufanya kazi, na kujitolea nako kunahitaji kibali chake. Wazazi na viongozi wa kijiji msimwombe jambo litakalomtia matatani. Kusaidia kuosha vyombo au kuvuta nyavu na shemeji zake jioni moja, huo ni ugeni.

Na ndoa je?

Hapa shangazi hupenda kuharakisha mambo: si yupo, waoane tu hukuhuku. Ngojeni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Mgeni wa wiki tatu hana siku hizo, na mgeni anatakiwa kuleta hati kutoka kwao kuonyesha kwamba hana kizuizi cha kuoa. Mambo hayo huulizwa RITA au kwa mfungishaji ndoa kabla ya safari, hayaanzwi mgeni akiwa tayari sebuleni.

Isitoshe, ndoa haigeuzi viza ya matembezi kuwa ruhusa ya kuishi. Baada ya ndoa, anayetaka kukaa huomba kibali chake uhamiaji. Na uraia una tofauti ambayo wazazi wa mabinti waijue: Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanaume wa kigeni aliyemuoa Mtanzania hana njia hiyo. Hufuata masharti ya kawaida ya mgeni yeyote. Asidanganywe na mtu yeyote kwamba cheti cha ndoa kitampa pasipoti yetu.

Safari hii basi iwe ya kujuana. Ya barua na mahari itapangwa, na karatasi zake zitafuata.

Tahadhari kwa wasiowahi kuonana

Mama wa Kamanga ana bahati: binti yake na kijana wamekwisha kukutana uso kwa uso. Lakini wapo wasomaji ambao watoto wao wana wachumba wa kwenye simu tu. Siku ya kufika inatangazwa, kuku wanachinjwa, kisha inakuja simu: nimezuiliwa uwanja wa ndege, nina mzigo wa thamani, tuma milioni mbili kwa namba hii nitolewe.

Hakuna ada ya uhamiaji wala ushuru wa forodha unaolipwa kwenye simu ya mtu binafsi. Mkipokea simu hiyo, msitume hata senti. Ombeni namba ya ndege, jina kamili na namba ya pasipoti, kisha nendeni nazo polisi au ofisi ya uhamiaji. Mgeni wa kweli atashukuru. Tapeli atakata simu.

Akivuka kuja kwenu

Kijana akishapita, atapanda ndege ya ndani hadi Mwanza, kisha avuke kwa kivuko. Kwa barabara, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3, litamfikisha upande wetu bila kungoja kivuko. Mpelekeni siku ya kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, akiwa na pasipoti. Mgeni wa mbali anayetambulishwa mapema hazui maneno.

Mwambieni asijitupe ziwani kuogelea ufukweni. Kichocho kipo katika maji ya Ziwa Victoria, na kwao atakaporudi daktari anaweza asikifikirie. Alale ndani ya chandarua, na dawa za kukinga malaria aulizie kwao kabla ya kuja. Asipige picha za askari wala majengo ya serikali. Mfundisheni kusema shikamoo kwa wakubwa, na asubuhi moja awashangaze wazee kwa mwangaluka.

Nanyi wazazi mna la kujifunza. Msimfanye benki. Karo ya mdogo wake binti na bati la jikoni visizungumzwe katika ziara ya kwanza. Siku moja binti naye atasimama kwenye dirisha la uhamiaji la kwao, ambako mgeni wa muda mfupi hupewa si zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180, na wazazi wa kijana watakuwa wanajiuliza hayohayo tunayojiuliza sisi. Mtakachomfanyia mtoto wao ndicho mtakachotamani afanyiwe wenu.

Kwa hiyo, mama wa Kamanga, mwambie jirani asante kwa ushauri, lakini barua ya mwaliko iandikwe na baba, kwa mkono wake, yenye jina la binti na jina la kijiji. Kijana aiweke juu ya karatasi zake zote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema aje akijificha.